Muuguzi mcha Mungu na dawa za wodini

Wengi huamini kwamba muuguzi mshika dini akiongoza wodi ya wagonjwa wa akili, dawa zitawekwa kando na kazi itaachiwa maombi au kisomo. Wapo wanaoiona hiyo ni heri, na wapo wanaoiogopa.

Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo. Imani humpa muuguzi subira ya kumwogesha mchana mgonjwa aliyemtukana asubuhi. Dozi hufuata uchunguzi. Dawa iitwayo haloperidoli hupunguza sauti anazozisikia mgonjwa peke yake. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla nafuu haijaonekana, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa (kusema kweli, ni kipindi kigumu).

Ramadhani au Kwaresima ikifika, muuguzi mzoefu hamkatazi mtu ibada. Humuuliza anameza nini, kisha hupanga na daktari saa za dawa. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, huangaliwa zaidi, maana mwili ukipungukiwa maji, dawa hiyo huweza kuzidi kwenye damu hadi ikawa sumu.

Ukitaka kuhakikisha, uliza jina la ugonjwa, jina la dawa na madhara yake. Soma kikaratasi kilichomo kwenye boksi. Leseni ya muuguzi huweza kuulizwa kwenye mamlaka inayosajili wauguzi nchini. Ukiambiwa uache dawa ghafla ili imani yako ionekane, nenda kamuulize daktari kwanza, hata wa hospitali nyingine.