Je, wajua kwa nini amri ileile ya kompyuta huchelewa mara ya kwanza, kisha mara ya pili ikaruka?

Tuseme karani wa mizigo hapa Kilindini ana faili ya rekodi ya gigabaiti 2, iliyo kwenye diski ngumu ya kawaida. Kwenye Linux anaandika amri ya kuhesabu mistari yenye neno SUKARI (grep hutafuta, time hupima muda):

time grep -c SUKARI mizigo.csv

Jibu linakuja baada ya sekunde 15 hivi. Akirudia papo hapo, haifiki hata sekunde 2. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliitoa faili kwenye diski, ikaweka nakala kwenye RAM iliyokuwa haina kazi. Mara ya pili diski haikuguswa kabisa.

Ushahidi uko kwenye mistari mitatu ya time. Real ni muda wa saa ya ukutani. User ni muda ambao prosesa ilishughulikia programu yenyewe, na sys ni ule ambao kerneli iliihudumia. Real ikiwa 15, na user na sys kwa jumla 1.5, basi programu ilikuwa imekaa ikingoja diski. User nayo ikizidi real, ujue kazi imegawanywa kwenye kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) kadhaa na muda wa kila kori umejumlishwa.

Kwa hiyo amua kwanza: unapima diski au programu? Ukitaka mwendo wa mara ya kwanza, futa kache, yaani ile nakala iliyo kwenye RAM, kabla ya kila jaribio:

sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches

Ukitaka kasi ya programu, iendeshe mara mbili tatu bila kuhesabu, ndipo upime. Programu ya hyperfine hukufanyia hayo: ukiiambia --warmup 3, huiendesha amri mara 3 bila kuhesabu, kisha hurudia amri angalau mara 10 na kukupa wastani, kima cha chini na cha juu. Lakini ina mtego mbaya. Kwa kawaida hutupa matokeo /dev/null, shimo la Linux linalomeza kila kitu, na grep ya GNU ikigundua hivyo huacha kusoma pindi ipatapo mstari wa kwanza unaolingana. Utafurahia kasi ambayo haipo! Ongeza --output=pipe.

Halafu kuna joto letu la Februari na Machi. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi, basi ukiendesha programu A mara 10 mfululizo, kisha B mara 10, B inaonewa. Zipishanishe: A, B, A, B. Laptopu iwe kwenye chaja, kwani ikitumia betri huenda ikabana kasi. Fungua dirisha la pili uandike:

watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Ukiona namba hizo, ambazo ni kasi ya prosesa, zinashuka katikati ya kazi, simamisha, iache ipoe, uanze upya.