Dole gumba kwenye fomu ya utafiti halikufungi
Mbeya imeshafanyiwa majaribio ya dawa za kifua kikuu na chanjo za VVU, lakini bado wengi huamini kwamba ukishaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, yaani ya kukubali kushiriki utafiti, huwezi kujitoa. Si kweli. Unajitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea.

Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, naye shahidi hutia saini. Nakala moja ni ya mshiriki, aidai.

Kamati ya maadili, inayolinda haki za washiriki, hupitia fomu hiyo kabla utafiti haujaanza. Ugumu huja baadaye: wajumbe wana ajira nyingine, hivyo huziona karatasi zaidi kuliko chumba ambamo mama anayezungumza Kisafwa anaelezwa harakaharaka kwa Kiswahili cha kitabuni. Hapo ndipo imani kwamba huwezi kujitoa hupata nguvu.