Masika si likizo ya mkandarasi

Wiki iliyopita nilikuwa duka la vifaa pale Ngamiani, hapa Tanga, nanunua waya wa kufungia nondo, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Akaingia mkandarasi mwenzangu, kijana, wa daraja la saba, yaani daraja la chini la usajili wa makandarasi, tunafahamiana vizuri. Baada ya salamu akaniuliza: "Kaka, na wewe umeshafunga saiti? Basi tutaonana Juni, inshallah."

Kila masika nayasikia maneno haya, na kwa miaka mingi nimeitikia na kupita. Safari hii nimechoka. Saiti inafungwa, sawa. Huwezi kuchimba msingi Mwakidila mwezi wa nne ukategemea kuta za mtaro zisimame, na lori la mchanga likiingia machimboni halitoki. Lakini kampuni haifungwi. Miezi hii ndiyo inayompa mkandarasi nafasi ya kujua kama mwaka mzima alipata faida au alikuwa anazungusha pesa za watu.

Wapo wanaonijibu kwamba wao hawalali, wanapanga kampuni. Nikienda kuona huko kupanga nakuta ofisi imepakwa rangi, stoo imefagiliwa, na kuna kompyuta mpya yenye programu ya mahesabu ambayo hakuna anayeijaza. Stoo ni kazi ya siku tatu. Mbao za fomu zing'olewe misumari na zilazwe zisipinde, ngoma ya mashine ya zege ikwanguliwe, vaibreta ya kushindilia zege ibadilishwe oili, saruji iliyobaki iuzwe, maana kwa unyevu wa huku kwetu haitafika Juni bila kuganda mabonge. Siku tatu, basi. Zinazobaki ni za daftari.

Kila kazi uliyomaliza tangu masika yaliyopita ipe karatasi yake. Upande mmoja andika ulichokadiria kwenye BOQ, ile orodha ya vipimo na bei za kazi, upande wa pili kilichotumika kweli, kipengele kwa kipengele. Usiniletee jumla. Jumla ndiyo inayotudanganya, kwa sababu malipo ya awali ya kazi mpya yanaingia akaunti ileile iliyolipa deni la nondo za kazi ya zamani, na wewe unaona pesa ipo. Nimemwona mtu mwenye saiti nne, mfukoni hakauki, kumbe zote nne anakula hasara. Siku saiti ya tano ilipokosekana ndipo akajua, na hata yeye alijua baada ya wenye maduka.

Ukizijaza karatasi hizo utakuta vifaa mara nyingi vinakaribiana na makadirio. Zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, linakula mifuko sita na kidogo kwa mita ya ujazo, hilo hata mwenye nyumba analijua siku hizi. Pesa inavujia kwenye siku za watu, na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu, kwa kuwa jibu lao liko tayari kabla ya swali: mafundi ni wavivu.

Nina karatasi ya lipu ya nyumba moja niliyojenga Mikanjuni. Nilikadiria fundi mmoja na saidia fundi wake wapige mita za mraba 14 kwa siku. Kazi nzima ilikuwa mita 420, maana yake siku 30. Msimamizi wangu alikuwa anaandika mahudhurio kila jioni, na nilipoyajumlisha masika yalipoingia nikapata siku 47. Mita 9 kwa siku! Kwa fundi wa 30,000 na saidia wa 15,000, siku 17 zilizozidi ni shilingi 765,000, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu faida yangu yote ya lipu.

Nilitaka kumlaumu fundi. Kisha nikakaa na msimamizi tukapitia picha za simu yake, siku baada ya siku. Mchanga ulimwagwa getini, kwa sababu dereva alikuja jioni na mwenye nyumba alikuwa ameegesha gari uani. Ukabaki palepale. Saidia fundi akawa anabeba ndoo zaidi ya mita 40 kila mchanganyiko, na fundi juu ya jukwaa amesimama na mwiko mkavu. Boza la maji lilichelewa mara sita, picha zinaonyesha mapipa matupu saa nne asubuhi. Vijana wawili wenye toroli wangeuhamisha mchanga ule kwa siku moja. Sikuwaagiza, kwa sababu sikuliona, na sikuliona kwa sababu nilikuwa nakimbizana na saiti nyingine tatu. Ningelijuaje mwezi wa kwanza, jua kali, simu inaita? Nimelijua mwezi wa nne, nimekaa.

Sasa niseme na lile linalonisumbua. Kazi ileile sehemu yake iliingia Ramadhani. Mafundi wangu karibu wote walikuwa kwenye saumu, tulianza alfajiri na kuweka vifaa chini saa saba mchana. Kwa hiyo katika siku zile 17, ngapi ni za mchanga na maji, na ngapi ni za kutwa fupi? Siwezi kuzitenganisha. Daftari liliandika siku, halikuandika saa. Tangu hapo tunaandika saa, na lipu naikadiria mita 11, lakini 11 hiyo ni ya kukisia tu, sina uhakika nayo.

Jambo jingine ambalo sijalitatua ni lori na mshahara wangu mwenyewe. Nizigawe vipi gharama hizi kwa saiti? Nikigawa kwa siku za kazi, nyumba ya Sahare inaonyesha faida. Nikigawa kwa thamani ya mkataba, inaonyesha hasara. Nyumba ni ileile. Nimechagua njia ya siku na nimeishikilia ili angalau nilinganishe mwaka na mwaka, ila anayekuambia faida ya saiti moja mpaka shilingi ya mwisho, muulize lori lake kaliweka wapi.

Makaratasi mengine nitayapitia haraka. Makadirio ya kodi yana awamu ya Machi 31, ritani ya mwaka uliopita mwisho wake Juni 30 kwa anayefunga hesabu Desemba, na masika yamekaa katikati ya tarehe hizo mbili. Vyeti vya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo yako, vifuatilie sasa kwa kila mteja aliyekukata, maana bila cheti hiyo ni pesa yako umeiacha. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zipige picha leo hii: karatasi ile inafifia, na unyevu unamalizia. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na zabuni zitaanza kumiminika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, hivyo leseni, cheti cha CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) na uthibitisho wa kodi viwe hai kabla, si siku mbili kabla ya kufunga zabuni.

Na mvua yenyewe itumie. Hakuna masika yasiyo na mbu, lakini hakuna pia mkaguzi wa paa anayeishinda mvua ya Aprili. Mimi nazungukia nyumba zote ambazo wenyewe bado wameshikilia retensheni yangu, ile asilimia ya malipo mteja anayobaki nayo mpaka aridhike na kazi, naenda wakati inanyesha. Natazama kona za dari, maungio ya bati na ukuta, maji yanakokimbilia nyuma ya nyumba. Ukiligundua vujo mwenyewe unalirekebisha kwa mfuko mmoja wa saruji na bati mbili. Akiligundua mwenye nyumba, asilimia zako zinakaa kwake mwaka mwingine.

Kuhusu mafundi sina neno la uhakika. Wengi wa mafundi wangu masika wanarudi shamba, Muheza na Handeni, kupanda mahindi, na ni haki yao. Mwaka mmoja niliwalipa wanne nusu mshahara wasubiri. Wawili walirudi, wawili walipata kazi kubwa kwingine na sikuwa na la kuwaambia. Ninachofanya sasa ni kuwapigia simu kila mwezi na kuwalipa malimbikizo yao yote kabla hawajaondoka. Kama inatosha, sijui.

Yule kijana nilimwambia aje na risiti zake. Amekuja jana jioni, amelowa, na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za kazi nne. Tumemaliza moja, ukuta wa uzio wa Makorora. Tofali zimekubali, saruji imekubali. Kuna siku 26 za vibarua alizolipa na hakumbuki walifanya nini. Anarudi kesho na msimamizi wake na simu yenye picha.