Falafeli ni nini, na kwa nini dengu haichemshwi

Falafeli ni tonge la dengu zilizolowekwa, zikasagwa zikiwa mbichi pamoja na vitunguu, majani na viungo, kisha likakaangwa kwenye mafuta mengi. Katika maana hiyo neno la kushika ni "mbichi". Anayechemsha dengu kwanza, au anayefungua kopo la dengu zilizokwisha kupikwa, anapika kitu kingine, na mara nyingi hata hicho kingine hakifiki mezani kwa sababu kinamomonyokea kwenye karai. Najua, kwa kuwa mara yangu ya kwanza nilitumia kopo, nikaishia kuchuja mafuta.

Jina lenyewe si geni kwetu kama linavyosikika. Kwa Kiarabu filfil ni pilipili, na falafil huhesabiwa kuwa wingi wake. Pilipili yetu imetoka kwenye ukoo huohuo, unaorudi nyuma hadi pippali ya Kisanskriti. Basi falafeli na pilipili ni ndugu wa jina, ingawa chakula chenyewe hakiwashi sana.

Wengi huitaja Misri kuwa ndiko falafeli ilikoanzia. Wamisri hawatumii dengu. Hutumia ful, maharage mapana makavu. Aleksandria huiita falafeli, Kairo huiita taamiya, na ndani yake huwa kijani kwa wingi wa majani. Wakristo wa Kikopti huila sana siku za mfungo, maana haina nyama, maziwa wala yai. Ukienda Palestina, Lebanoni, Syria au Israeli, ful inaipisha dengu. Ugomvi wa nani mwenye chakula hiki hauishi, nami siuingilii.

Sasa turudi kwenye ubichi. Dengu ikilowekwa inavimba kwa maji, lakini wanga wake bado haujaiva. Tonge likiingia kwenye mafuta ya moto, wanga ule hunyonya maji yaliyomo, huvimba na kushikana. Hiyo ndiyo gundi ya falafeli. Dengu iliyochemshwa wanga wake umeshavimba tangu sufuriani. Ukiisaga unapata kitu kama mseto, kimejaa maji na hakina tena cha kukishika, ndipo watu huanza kumwaga unga na mayai. Itasimama, ndiyo, ila ndani itakuwa nzito kama kiazi kilichopondwa.

Mtu aliyekulia karibu na bajia za kunde hashangai hata kidogo. Kunde nazo hulowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa mbichi na kukaangwa. (Ndugu zangu wa Nairobi, sisemi ile bhajia ya viazi.) Tofauti ni kwamba rojo la kunde hupigwa mpaka liwe jepesi, lidondoke kutoka mkononi, wakati falafeli huachwa na chenga zake na kufinyangwa. Ukiisaga ikawa laini kabisa, umeiharibu.

Kuna jambo la jina la kuliweka sawa kabla hujaenda sokoni. Tanzania, dengu ni ile punje yenye ncha kama mdomo wa ndege, na ndiyo inayotakiwa. Kenya, ukisema ndengu utapewa zile ndogo za kijani, ambazo Tanzania ni choroko. Nunua kwa macho, usinunue kwa jina.

Kwa watu wanne, gramu 250 za dengu kavu zinatosha. Ziloweke kwenye maji mengi kwa saa 12 hadi 24. Zitakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo bakuli liwe kubwa. Zichuje, kisha zikaushe kwa kitambaa, na hapa usione uvivu: maji yanayobaki juu ya dengu ndiyo yanayolegeza tonge. Saga na kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu, konzi mbili za majani ya kotmiri, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kingine cha mbegu za giligilani zilizotwangwa, na chumvi. Mashine ya kusaga nyama inafanya kazi nzuri kuliko blenda, kwa sababu blenda inataka maji na wewe hutaki kuyatia. Kinu nacho kinafaa, ukiwa na mkono.

Finya kidogo kiganjani. Kikishikana, umefika; kikitawanyika, saga tena kidogo. Kiweke kwenye friji saa moja. Ukikaribia kukaanga, changanya nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, inayosaidia ndani kuwa nyepesi, halafu finyanga matonge ya ukubwa wa ndimu. Mafuta yawe ya nyuzi 175 hivi. Kama huna kipimo, tupia chembe: izuke juu mara moja ikitoa mapovu bila kuungua. Kaanga machache machache, dakika nne au tano, mpaka yawe ya kahawia iliyokolea. Mafuta yakiwa baridi, tonge litayanywa; yakizidi moto, litaiva nje na kubaki bichi ndani.

Usijaribu ujanja huu kwa maharage mekundu. Yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sawasawa, na dakika chache kwenye mafuta hazitoshi. Na ukipenda ya Kimisri, kumbuka kwamba ful inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo nadra katika nchi za malaria kama zetu. Dengu haina shida hiyo.

Huliwa ndani ya mkate bapa na kachumbari, juu yake tahini, yaani ufuta uliosagwa ukalainishwa kwa maji na ndimu. Mimi nikikosa ufuta natia chatne ya ukwaju, ileile ya bajia, na inapatana nayo vizuri tu. Mlebanoni asikuone.