Ukituma ishara kumi, usitegemee kupokea kumi

Wiki hii nimeletewa tena programu ya aina ile ile. Mchakato mmoja (programu inayoendelea kufanya kazi) unapokea malipo, na kila malipo yanapoingia unautumia mwingine SIGUSR1, moja ya ishara ambazo michakato ya Linux hutumiana kushtuana, ili uchape risiti. Asubuhi wateja wachache, mambo shwari. Jioni watu wakijaa, risiti zinapungua. Mwenye programu alikwisha badilisha printa na waya wake. Printa haikuwa na kosa lolote.

Dhana: kila ishara itafika, na zikiwa nyingi zitapanga foleni.

Hakuna foleni. Kwa ishara za kawaida, keneli, yaani kiini cha mfumo, inauwekea mchakato biti moja tu kwa kila aina ya ishara: imewashwa au imezimwa. SIGUSR1 ya pili ikifika kabla ya kwanza kushughulikiwa, inakuta biti imeshawashwa, basi imepotea. Wala hupati kosa. Fankshini ya kutuma ishara, kill(), inarudisha sifuri, yaani imefanikiwa. Ni kama kupiga hodi: aliye ndani anajua mlangoni kuna watu, hajui ni wangapi.

Huwa naambiwa, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwa sababu unajaribu kwa kutuma moja moja, polepole. Andika programu yenye kaunta, iizuie SIGUSR1 kwa muda kwa sigprocmask(), uitumie ishara hiyo mara 100 kutoka terminali nyingine, kisha programu iifungulie. Kaunta itasoma 1. Tafadhali fanya jaribio hili kabla hujamgusia mteja printa.

Dawa ni mpokeaji kuacha kuhesabu ishara. Akishtuliwa, aende kwenye hifadhidata achape risiti zote ambazo hazijachapwa, hata kama ni arobaini. SIGCHLD, ishara anayopata mchakato mzazi mtoto wake akifa, nayo ni hivyo hivyo: watoto watatu wakifa karibu kwa pamoja unaweza kupata ishara moja, kwa hiyo waitpid(), fankshini ya kuokota watoto waliokufa, yenye WNOHANG (usisubiri) irudiwe mpaka asibaki wa kuokotwa. Anayeiita mara moja tu ndiye anayelalamika kuhusu mazombi, yaani watoto waliokufa bila kuokotwa.

Ishara za kuanzia SIGRTMIN hadi SIGRTMAX ndizo zinazopanga foleni, na kwa sigqueue() zinabeba namba. Lakini foleni hiyo ina kikomo; ikijaa unarudishiwa kosa la EAGAIN. Ujumbe wenye maana, hasa wa pesa, mimi naupitisha kwenye paipu au soketi, njia za kupitishia data kati ya michakato, na nitaendelea kuwasihi mfanye hivyo.

Dhana: printf(), ya kuchapa maandishi, ndani ya fankshini ya kupokea ishara haina madhara.

Ishara inaweza kuikatiza programu ikiwa katikati ya printf() au malloc() (ya kuomba kumbukumbu), imeshika kufuli ya kulinda data yake. Ukiita tena hapo ndani, programu inaweza kusubiri kufuli iliyoishika yenyewe, ikasubiri milele, au ikaharibu data yake. Ndani ya fankshini hiyo washa tu alama (kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t), au andika baiti moja kwenye paipu kwa write(), utoke.

Dhana: kill ni ya kuua, na -9 ndiyo ya uhakika.

Amri ya kill hutuma ishara tu. Usipotaja namba inatuma 15, SIGTERM, ambayo programu inaweza kuipokea ikafunga mafaili yake vizuri. Namba 9 haipokeleki wala haizuiliki, kwa hiyo kazi iliyokuwa nusu inabaki nusu. Anza na 15, subiri kidogo. Na ukiona herufi D kwenye ps, amri ya kuorodhesha michakato, mchakato huo kwa kawaida unasubiri diski au mtandao. Mara nyingi hata 9 itangoja mpaka utoke huko.