Kabla ya Kuingia Hifadhini: Ushauri kwa Watembeaji na Watu wa Kujitolea

Wengi wanaoomba kujitolea katika hifadhi za taifa hutaka kuhesabu wanyama au kufuatana na watafiti, na ni wachache wanaoomba kuchimba mitaro. Hata hivyo, kwa mtu asiye na taaluma maalumu na mwenye wiki chache tu za kutoa, mchango wenye faida kubwa mara nyingi ni utunzaji wa njia za miguu. Njia ya Appalachian Trail, mashariki mwa Marekani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,500, ilikamilika mwaka 1937 na hadi leo hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, ambao hufyeka, hupanga mawe na kuzibua mifereji bila malipo.

Adui mkubwa wa njia ya miguu ni maji. Nyayo zinapopita mahali pamoja kwa muda mrefu, udongo hushindiliwa na majani hufa, kwa hiyo mvua ikinyesha maji hayazami tena ardhini bali hushuka kwa kuifuata njia yenyewe, yakibeba udongo na kuacha korongo dogo. Watembeaji hulikwepa tope kwa kupita pembeni, majani ya pembeni nayo hufa, na njia iliyokuwa na upana wa mtu mmoja hugeuka uwanja wa matope. Dawa yake ni kuweka safu ya mawe au gogo kwa mshazari, ili maji yatoke njiani na kumwagika upande wa bondeni kabla hayajapata kasi. Kazi hiyo hufundishika, lakini haiishi: mdomo wa mfereji ukizibwa na majani makavu na mchanga, mvua kubwa moja inatosha kuyarudisha maji njiani. Kwa sababu hiyo tunamthamini sana mtu anayekubali kurudi kila msimu na sepetu lake kuzibua mifereji ileile.

Anayeelewa jambo hili hutembea kwa namna nyingine. Hupita katikati ya tope badala ya kulizunguka, na pale njia inapopinda kwenye mteremko hakati kona, kwa maana njia ya mkato huyapa maji mfereji ulionyooka wa kushukia.

Kabla ya kukubali nafasi ya kujitolea, uliza kwa maandishi ni kazi gani hasa utafanya, nani atakusimamia, nani atagharamia matibabu ukiumia, na, kama unatozwa ada, fedha hiyo inalipia nini. Mradi usioweza kujibu maswali hayo haufai. Vilevile uepuke mradi unaowaruhusu wageni kuwabeba na kuwakumbatia wanyamapori wachanga, kwani mnyama aliyezoea mikono ya watu ni vigumu kurudishwa porini. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, maana utashika udongo na nyaya zenye kutu, na mweleze msimamizi ukweli kuhusu afya yako kabla ya safari.

Kwa upande wa matembezi, kosa linaloleta hatari nyingi ni hesabu mbaya ya muda. Kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na William Naismith, mpanda milima wa Scotland, bado inasaidia: weka saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 900 itachukua takriban saa tatu na nusu kwa mtu mwenye nguvu, bila kuhesabu mapumziko. Mwenye mzigo mzito au watoto aongeze zaidi. Kutokana na hesabu hiyo, panga saa ya kugeuza na kurudi kabla ya kuanza safari, na ikifika geuza hata kama kilele kinaonekana. Mwachie mtu anayebaki maelezo ya njia mtakayopita na saa mnayotarajia kurudi, na mbebe tochi hata kama mnatarajia kurudi mchana.

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na nguo za pamba zikilowa huuacha mwili upoe haraka. Mwenzako akianza kutetemeka, kuongea kwa kukokota maneno na kujikwaa, mvalishe nguo kavu na umkinge na upepo mara moja.

Kuanzia mwinuko wa takriban mita 2,500, upungufu wa hewa ya oksijeni unaweza kumsumbua mtu yeyote, hata mwanariadha. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu ni amri ya kutopanda zaidi mpaka yaishe. Juu ya mita 3,000, sehemu ya kulala isizidi ile ya usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500. Mtu akichanganyikiwa, akishindwa kutembea kwa mstari ulionyooka au akihema hali amekaa, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku; kungoja kupambazuke kunaweza kugharimu uhai wake.

Maji ya mtoni yachemke kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu. Pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, kisha lifukie.

Kuhusu wanyama, kila hifadhi ina umbali wake. Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, kwa mfano, huwataka wageni wakae angalau mita 91 kutoka kwa dubu na mbwamwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine wengi. Popote ulipo, mnyama akiacha kula au akiinua kichwa kukutazama, umekwisha kumkaribia kupita kiasi.

Sugua buti zako kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kwa kuwa mbegu za mimea vamizi husafiri katika udongo ulioganda kwenye soli. Ukikuta mti umeanguka njiani, piga picha, andika mahali ulipo na utoe taarifa kwa askari wa hifadhi siku hiyohiyo. Usijaribu kuukata mwenyewe, kwani shina lililopinda chini ya uzito wake huweza kufyatuka ghafla msumeno unapoingia na kumvunja mtu mguu.