Kwa nini neno la hofu halikutikisi ukilisikia kwa Kiingereza?

Soma sentensi hii polepole: "Kimbieni, wanakuja kutuua." Sasa isome kwa Kiingereza: "Run, they are coming to kill us." Maana ni ileile, na hakuna neno gumu hata moja. Hata hivyo, wengi waliojifunza Kiingereza darasani watakuambia kwamba ile ya kwanza imewapiga kifuani, ya pili wameielewa tu.

Tofauti hiyo haina maana kwamba Kiingereza chako ni kibovu. Wapo watu wanaoandika ripoti nzito kwa Kiingereza, wanaota ndoto kwa Kiingereza, na bado wakisikia habari ya mauaji katika lugha hiyo miili yao inatulia kuliko ambavyo ingetulia kwa lugha waliyolelewa nayo. Jambo hili limepimwa, tena kwenye ngozi.

Mtu akishtuka, tezi za jasho kwenye viganja na vidole hufanya kazi hata kama mwenyewe haoni tone. Hali hiyo huendeshwa na mishipa ya fahamu isiyosubiri amri yetu, ileile inayoharakisha moyo wakati wa hatari. Unyevu ukiongezeka, ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye vidole hunasa mabadiliko hayo ndani ya sekunde chache. Mdomo unaweza kusema "sijaogopa", lakini kidole hakidanganyi kirahisi.

Mwaka 2003 Catherine Harris, Ayşe Ayçiçeği na Jean Berko Gleason walichapisha utafiti uliotumia njia hiyo kwa watu 32 ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kituruki na Kiingereza walijifunza baadaye. Walisomewa na kuonyeshwa maneno ya kawaida, maneno mazuri, maneno mabaya, matusi, na makemeo ambayo mzazi humwambia mtoto aliyekosa. Matusi na makemeo yaliamsha ngozi zaidi yalipokuja kwa Kituruki, na kwenye makemeo ndipo pengo lilipokuwa kubwa. Baadhi ya washiriki walieleza kwamba waliposikia makemeo ya Kituruki, ni kama walimsikia mtu wa familia yao akiwasemesha. Kiingereza hakikuwa na sauti ya mtu yeyote nyuma yake.

Hapo ndipo lilipo jibu, na linastahili kukaliwa kidogo.

Mtoto hajifunzi neno "moto" kwa kusoma maana yake. Hulisikia kwa sauti iliyopanda ghafla, mkono wa mtu mzima ukimvuta nyuma, moyo wake ukidunda. Neno, sauti, joto na mshtuko vinaingia kwa pamoja, katika miaka ileile ambayo ubongo unajifunza ni kipi cha kuogopa na ni kipi cha kupuuza. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, inayoshughulika sana na kupima hatari. Kwa mtoto, neno na kazi ya sehemu hiyo hukua sambamba. Ndiyo maana miaka mingi baadaye neno hilo likitamkwa peke yake, bila moto wowote karibu, mwili bado unajua la kufanya.

Sasa mfikirie mtu mzima anayejifunza neno "fear". Amelipata ubaoni, pembeni yake kuna tafsiri, mwalimu ametulia, dirisha liko wazi, na jambo pekee la kutisha ni mtihani wa Ijumaa. Maana imeingia sawasawa. Lakini mwili haukupewa kazi yoyote siku hiyo, kwa hiyo hauna cha kukumbuka.

Je, ni suala la umri tu? Hapana. Watafiti haohao walipowapima watu wa Marekani wanaozungumza Kihispania na Kiingereza, waligundua kwamba wale waliokipata Kiingereza utotoni waliitikia lugha zote mbili kwa nguvu zinazokaribiana. Kilichowatofautisha na waliojifunza ukubwani ni kwamba walikuwa wamekulia ndani ya lugha hiyo: wamegombezwa kwayo, wamecheza kwayo, wamelia kwayo. Jean-Marc Dewaele na Aneta Pavlenko nao walikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,500 wenye lugha nyingi kupitia dodoso la mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika majibu hayo, waliojifunza lugha kwa kuitumia maishani waliyaona maneno yake ya hisia kuwa na uzito kuliko walioipata darasani pekee. Kwa mwanafunzi mtu mzima hiyo ni habari njema: ubaridi wa maneno unaweza kupungua. Kinachohitajika ni lugha kuishi na wewe, na siyo kuongezewa orodha nyingine ya msamiati.

Habari ya kumbukumbu inagusa moja kwa moja namna tunavyosoma. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwaonyesha watu hadithi ya picha kuhusu mtoto anayegongwa na gari akiwa njiani na mama yake. Baadhi yao walikuwa wamepewa propranololi, dawa inayozuia kazi ya homoni za mshtuko. Wiki moja baadaye, waliotumia kidonge kisicho na dawa waliikumbuka sehemu ya kuogofya vizuri kuliko sehemu nyingine. Waliotumia propranololi walipoteza faida hiyo. Kwa maneno mengine, mshtuko wenyewe husaidia kukaza kumbukumbu. Neno linalokuja bila msisimko wowote linategemea marudio peke yake, na ndiyo sababu maneno ishirini ya "dhiki na mateso" uliyokariri jioni yanaweza kuwa matano asubuhi.

Kwa maoni yangu, msamiati wa aina hii, wa hofu, dhiki na kutafuta usalama, ndio unaofundishwa vibaya kuliko mwingine wowote. Mwanafunzi hupewa "fear", "fright", "dread", "panic" na "terror", na mbele ya yote matano ameandika "hofu". Amepata jibu la mtihani, hajapata lugha. "Fright" ni mshtuko wa ghafla, mlango umepigwa teke usiku. "Dread" ni hofu ya kitu ambacho bado hakijafika lakini unajua kinakuja, kama ile ya mtu anayehesabu siku kabla ya hukumu. "Panic" ni pale akili inapopoteza usukani, watu wakakanyagana. "Terror" imepita kiasi, na mara nyingi nyuma yake kuna anayekutisha kwa makusudi. "Fear" ndiyo pana kuliko zote, na inaweza kukaa na mtu miaka. Hali kadhalika "hardship" haisemi juu ya maumivu ya siku moja. Ni maisha yaliyobana: chakula cha kuungaunga, kodi isiyolipika, majira baada ya majira. Na anayetafuta usalama anaweza kupata "shelter", yaani mahali pa kujisitiri na mvua au mabomu, bila kupata "asylum", ambayo ni ulinzi unaotolewa na dola kwa mujibu wa sheria. Mtu anaweza kulala chini ya paa zuri kabisa na bado hana hifadhi ya kisheria.

Maneno haya hayakamatiki yakipangwa kwa alfabeti. Yapange kwa mwendo wa tukio, kwa mfano safari ya mkimbizi: tetesi, vitisho, usiku wa kuondoka, mpaka, foleni, mahojiano, kusubiri, kuanza upya. Kila hatua ina hofu yake na neno lake. Kisha yasikie kwa sauti za watu, katika masimulizi na taarifa za habari, ili neno lije na pumzi na kusitasita kwa msemaji. Tamka mwenyewe sentensi nzima kwa sauti inayolingana na maana yake. Kulisema neno "terrified" kwa sauti ya kusoma risiti ni kuufundisha mwili kwamba halina uzito. Andika aya fupi kuhusu siku ambayo uliogopa kweli, moja kwa moja kwa Kiingereza, hata kama sarufi itayumba.

Ushauri huo wa mwisho una mpaka wake, na walimu wanapaswa kuujua. Darasani anaweza kuwamo mtu aliyekimbia vita. Kumwambia asimulie siku aliyoogopa kuliko zote ili afanye zoezi la msamiati ni kumtonesha kidonda. Mpe mhusika wa kubuni, mpe picha, mpe habari ya mtu mwingine, na umwache achague mwenyewe kama atazungumzia yake.

Tena ubaridi wa lugha ya pili si hasara tupu. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walitumia fumbo mashuhuri la wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman kuhusu ugonjwa unaotishia maisha ya watu wengi, ambapo mtu huchagua kati ya njia ya uhakika na njia ya kubahatisha. Katika lugha yao ya kwanza, watu hubadilisha uamuzi kulingana na namna swali linavyowekwa: likitaja watakaookolewa wanachagua njia ya uhakika, likitaja watakaokufa wanachagua kubahatisha, ingawa hesabu ni ileile. Walipolisoma katika lugha ya kigeni, tofauti hiyo ilitoweka. Hofu ya kupoteza ilikuwa imepungua makali. Madaktari wa akili nao wameeleza kwa miongo mingi kuhusu wagonjwa wanaoweza kutaja kwa lugha ya pili mambo ambayo kwa lugha ya mama yanawakaba kooni. Lugha ya kigeni inawapa nafasi ya kupumua.

Lakini nafasi hiyohiyo inaweza kumgharimu mtu pale ambapo hofu yake ndiyo inayopimwa. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au msimamo wake wa kisiasa. Hofu imo ndani ya sheria yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi unafafanua kwamba hofu hiyo ina pande mbili: hali ya moyo wa mtu, na mambo yanayoonekana kuithibitisha. Kwa hiyo afisa anayeamua ombi la hifadhi anamsikiliza mwombaji na kujiuliza kama anamwamini.

Mfikirie basi mtu anayeeleza kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani jinsi nyumba yake ilivyochomwa. Anatumia "bad" na "problem" kwa sababu ndiyo maneno aliyonayo. Sauti yake imetulia, kwa sababu lugha hiyo haiushtui mwili wake. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu jambo hili anaweza kuuchukua utulivu huo kuwa ni dalili ya uongo.

Kuna tatizo jingine chini yake. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser walionyesha kwamba wanafunzi waliozungumza Kirusi na Kiingereza walikumbuka matukio mengi zaidi ya maisha yao ya Kirusi walipohojiwa kwa Kirusi, na ya Kiingereza walipohojiwa kwa Kiingereza. Tukio lililotokea katika lugha moja linajificha kidogo likitafutwa kwa nyingine. Nayo kumbukumbu ya mateso haitulii hata bila kubadili lugha: mwaka 2002 Jane Herlihy na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kuhusu wakimbizi 39 kutoka Kosovo na Bosnia waliohojiwa mara mbili juu ya matukio yaleyale, na maelezo ya mara ya pili yalitofautiana na ya kwanza ingawa hapakuwa na sababu ya kuwadhania uongo. Ukiweka juu ya hapo lugha isiyo yako, mianya inazidi.

Kwa sababu hiyo mwongozo niliotaja unataka mwombaji apewe nyenzo anazohitaji ili kuwasilisha kesi yake, pamoja na mkalimani mwenye uwezo. Mtu anayezungumza Kiingereza cha kutosha dukani na kazini mara nyingi huona aibu kuomba mkalimani, au hudhani atasifiwa kwa kujitegemea. Namsihi asione aibu. Na kama ni lazima ajieleze kwa Kiingereza, hapo ndipo tofauti kati ya "dread" na "fright" inapokuwa na kazi ya kweli. Anayesema "I lived in dread for two years" amemweleza afisa kwamba hofu yake ilikuwa ya kila siku, ya kitu kilichokuwa kinakuja, na kwamba hakukimbia kwa sababu ya kelele za usiku mmoja. Sentensi hiyo ajifunze mapema, aizoee kinywani, kabla hajaingia kwenye chumba cha mahojiano.